Picha ya moyo kwa mwanamke kijana: Kipimo gani kitangulie?

Mwanamke wa miaka 25 au 30 akilalamika kwamba kifua kinambana, aghalabu hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo watakaomwambia hayo ni mawazo tu, au kiungulia, kwa kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wazee wenye vitambi. Na wapo watakaomhimiza atafute pesa haraka akapigwe picha kwa mashine kubwa kuliko zote, ili "ajue moja". Msomaji mpenzi, ushauri wa kwanza umewapeleka wengine kaburini. Ule wa pili nao una hasara zake, na hizo hazizungumzwi sana.

Leo tuzungumzie vipimo hivyo vya picha: kila kimoja huonyesha nini, humgharimu nini mgonjwa mbali na pesa, na kwa nini mwanamke kijana hafai kupimwa kwa mpango ule ule wa babu yake.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu ya kuulisha. Damu hiyo hupitia mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje. Mafuta yakiganda kwenye kuta za ndani za mishipa hiyo, njia huwa finyu. Ukiwa umeketi huenda usihisi chochote, lakini ukipanda ngazi au kubeba mtungi wa maji, moyo hudai damu zaidi, damu haifiki, na kifua kinabana. Njia ikizibwa ghafla na bonge la damu, sehemu ya msuli huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 mishipa kuziba kwa mafuta si jambo la kila siku, lakini hutokea. Uwezekano huongezeka akiwa na kisukari, shinikizo la damu, kolesteroli nyingi ya kurithi, au akiwa anavuta sigara. Huongezeka pia ikiwa aliwahi kupata presha kali ya mimba au kisukari cha mimba, ikiwa hedhi ilikatika mapema mno, au ikiwa ana magonjwa ya kinga ya mwili kama lupasi. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi pia wamo, kwani utafiti umeonyesha kwamba hatari yao ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa ni takriban maradufu ya wasio na virusi. Hilo ni jambo la kuzingatiwa hasa Eldoret, ambako mpango wa AMPATH umewatibu maelfu ya watu tangu mwaka 2001. Wengi wao sasa wanaishi miaka mingi, na hiyo ni heri kubwa, ila maisha marefu huja na maradhi ya maisha marefu.

Hapa kwetu, hata hivyo, kuna mambo ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani huyapitia haraka. Mwanamke kijana wa Uasin Gishu anayehema na kuumwa kifua anaweza kuwa na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Anaweza kuwa na moyo uliolegea na kupanuka mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua. Anaweza kuwa na upungufu mkubwa wa damu, au bonge la damu lililosafiri kutoka mguuni hadi kwenye mapafu. Akikimbizwa kupigwa picha ya mishipa pekee, huenda akarudishiwa cheti kinachosema mishipa ni safi, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kumla.

MIALE NA MATITI

Baadhi ya vipimo vya moyo hutumia miale, yaani ile nguvu isiyoonekana inayotumika katika eksirei. Miale hupimwa kwa kipimo kiitwacho milisivati. Kila binadamu hupokea miale kiasi kutoka ardhini, angani na katika chakula. Wastani wa dunia ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua huongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya milisivati, kiasi kidogo sana. Skani ya CT ya mishipa ya moyo kwa mashine nzuri ya kisasa, ikiendeshwa na mtu anayeijua kazi yake, huwa kati ya 2 na 5. Kwa mashine ya zamani, au mpya iliyotegeshwa vibaya, inaweza kuzidi 10. Kipimo cha moyo cha dawa yenye miale nacho kwa kawaida hukaribia 10.

Kwa nini jambo hili limhusu mwanamke kijana kuliko mwingine? Kwa sababu titi lake liko mbele ya moyo. Haliwezi kufunikwa kwa aproni ya risasi, maana aproni hiyo ingeuficha moyo unaotafutwa. Nyama za titi la mwanamke kijana huathiriwa zaidi na miale kuliko za mwanamke mzee. Isitoshe, saratani inayoletwa na miale huchukua miaka mingi kujitokeza. Mzee wa miaka 80 huenda asiishi kuiona, lakini msichana wa miaka 22 ana nusu karne mbele yake.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu zao katika jarida la madaktari la nchi hiyo, JAMA. Kwa skani za CT za moyo za wakati ule, walikadiria kwamba msichana 1 kati ya 143 wenye umri wa miaka 20 angeweza kupata saratani maishani kwa sababu ya skani moja. Kwa mwanamume wa miaka 80, makadirio yalikuwa 1 kati ya 3,261. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mashine ni ile ile.

Usishtuke, msomaji. Hizo ni hesabu za makadirio, si wagonjwa waliohesabiwa mmoja mmoja, na mashine zimeboreshwa sana tangu hapo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2017 miale ya skani hiyo ilipungua kwa takriban asilimia 78. Lakini punguzo hilo humfaidi aliyelala chini ya mashine inayotumia mbinu mpya. Hapa Kenya mitambo ya miale husimamiwa na mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, na mgonjwa ana kila sababu ya kuuliza: mashine hii ni ya namna gani, na nitapokea miale kiasi gani?

VIPIMO VYENYEWE

Cha kwanza si picha. Ni daktari kukusikiliza, kukupima presha, kukubonyeza kifua na kukuwekea ECG, yaani kile kipimo cha umeme wa moyo cha kubandika nyaya kifuani. Huchukua dakika chache, hakina miale, na hakiumi. Damu nayo hupimwa sukari, kolesteroli na kiasi cha damu. Wengi hukiona kitendo hiki kuwa cha kupoteza wakati kabla ya "kipimo halisi". Sivyo. Hapa ndipo daktari anapokadiria uwezekano wa ugonjwa, na kila kipimo kinachofuata hutegemea makadirio hayo. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2021 unaeleza kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ambaye uwezekano wake wa ugonjwa huu ni mdogo hahitaji kukimbiziwa vipimo vingine. Kumpima mtu asiye na dalili za maana huzaa majibu ya uongo, na majibu ya uongo huzaa vipimo zaidi.

Kinachofuata, na ambacho kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kinachostahili nafasi ya mbele katika mazingira yetu, ni eko. Hii ni picha ya mawimbi ya sauti, ya jamii moja na ile ya kuangalia mtoto tumboni. Unapakwa jeli kifuani, mpimaji anapitisha kifaa mbavuni, na moyo unaonekana ukipiga. Haina miale kabisa, kwa hiyo hata mjamzito anaweza kupimwa. Eko huonyesha vali, ukubwa wa moyo, nguvu ya msuli na maji yaliyouzunguka. Haionyeshi vizuri mishipa inayolisha moyo, na hapo ndipo wengine huidharau. Lakini yale magonjwa tuliyoyataja ya vali na ya moyo uliolegea huyafichua waziwazi. Kutoka Chepkoilel hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini ni mwendo mfupi wa matatu, na eko hupatikana.

Ikiwa swali limebaki kuwa ni mishipa, moyo hufanyishwa kazi ili uonyeshe kasoro yake. Njia ya kale ni kutembea juu ya mkanda unaozunguka huku umefungwa nyaya za ECG, mwendo na mwinuko ukiongezwa kila baada ya dakika 3. Kipimo hiki kina sifa mbaya kwa wanawake, kwa kuwa mara nyingi mistari ya ECG hubadilika ilhali mishipa ni mizima. Hata hivyo kisitupwe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulichukua wanawake 824 wenye dalili, walioweza kufanya mazoezi na ambao ECG yao ilisomeka vizuri. Nusu walipimwa kwa mkanda pekee, nusu kwa mkanda pamoja na picha ya dawa yenye miale. Baada ya miaka 2 hali za makundi yote mawili zilikuwa karibu sawa, na kundi la mkanda pekee lilikuwa limetumia pesa kidogo.

Mkanda unaweza kuunganishwa na eko: unapimwa ukiwa umepumzika, kisha mara tu baada ya mazoezi. Sehemu ya msuli isiyopata damu ya kutosha huonekana ikisuasua. Asiyeweza kutembea hudungwa dawa inayouharakisha moyo. Kwa mwanamke kijana mwenye dalili za kutiliwa shaka, hiki ni kipimo kizuri mno, kwa sababu kinajibu swali bila kugusa titi kwa miale. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea sana jicho na mkono wa mpimaji. Afadhali kusubiri wiki moja upimwe na mzoefu.

Skani ya CT ya mishipa ndiyo inayotajwa sana mitaani. Unadungwa dawa ya rangi mkononi, moyo hupunguzwa mwendo kwa vidonge hadi kama mapigo 60 kwa dakika, na mashine hupiga picha ya mishipa yenyewe. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ikisema mishipa mikubwa ni safi, daktari huamini. Utafiti uliofanywa Scotland kwa watu 4,146, na matokeo yake ya miaka 5 kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliopigwa skani hii walipata mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 2.3, ilhali wenzao waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 3.9. Si kipimo cha kuchezewa basi. Lakini si kila CT inaweza kuunasa moyo unaopiga; ile iliyopiga picha ya kichwa cha jirani yako baada ya ajali huenda isifae. Na usiuziwe skani ndogo ya kuhesabu chokaa kwenye mishipa ukiwa na miaka 30. Mafuta ya mtu kijana mara nyingi bado ni laini, hayajaingia chokaa, kwa hiyo jibu la sifuri halikuhakikishii lolote.

Kipimo cha dawa yenye miale huonyesha jinsi damu inavyosambaa ndani ya msuli. Kwa mwanamke, kivuli cha titi kinaweza kuonekana kana kwamba ni sehemu ya moyo isiyopata damu. Ukiongeza na miale yake, ni nadra kiwe chaguo la kwanza kwa kijana. MRI ya moyo haina miale na picha zake ni nzuri ajabu, ila bei yake si ya mchezo, na kama kile cha dawa yenye miale, hupatikana katika hospitali chache, hasa Nairobi.

Mwisho ni anjiografia, ambapo mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa paja hadi moyoni. Huu si uchunguzi wa kwenda kuondoa wasiwasi. Ni wa yule ambaye vipimo vingine vimeonyesha hatari, au yuko katikati ya mshtuko wa moyo.

WANAWAKE WATATU

Tuchukue mifano ya kubuni. Mwanafunzi wa miaka 22 pale Chepkoilel, katika chuo ambacho tangu 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Eldoret, anachomwa upande wa kushoto wa kifua majira ya mitihani. Akibonyeza mfupa anaumia zaidi. Hana kisukari, havuti sigara, na kila asubuhi hukimbia kilomita 8 bila shida. Huyu asikilizwe, apimwe presha, ECG na damu. Kwa kuwa ni mkimbiaji, ECG yake inaweza kuwa na mistari ya ajabu ambayo kwa wanariadha wenye asili ya Afrika mara nyingi ni ya kawaida. Daktari akiitilia shaka, eko itamaliza ubishi. CT haina kazi hapa.

Wa pili ana miaka 31 na amejifungua wiki tatu zilizopita. Akilala chali anakosa pumzi, na miguu imevimba. Majirani wanamwambia ni uchovu wa uzazi. Huyu anahitaji eko leo, si mwezi ujao. Na lau angeshikwa ghafla na maumivu makali ya kifua yanayopanda hadi taya au mkono, basi hiyo ni dharura. Kuna hali ambapo ukuta wa mshipa wa moyo hupasuka kwa ndani bila mafuta yoyote, na damu ikajipenyeza na kuziba njia. Wagonjwa karibu 9 kati ya 10 wa hali hii ni wanawake, na ni sababu kuu mojawapo ya mshtuko wa moyo wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Hapo ECG inatakiwa ndani ya dakika 10 za kufika hospitalini, damu ipimwe, na anjiografia ikihitajika ifanywe. Katika saa kama hiyo kuogopa miale ni kama kukataa kuokolewa motoni kwa kuhofia kuloa maji.

Wa tatu ana miaka 42, ana kisukari, na ametumia dawa za ARV kwa zaidi ya miaka 10. Kila anapopanda ngazi za jengo moja mjini, kifua kinabana katikati. Akisimama kidogo, kinaachilia. Maelezo hayo yana uzito. Eko ya mazoezi inamfaa. Ikiwa haipatikani, au jibu halieleweki, CT ya mishipa kwa mashine ya miale michache ni uamuzi wa haki, kwani hatari ya kuukosa ugonjwa wake ni kubwa kuliko hatari ya miale. Na matokeo yakisema mishipa mikubwa ni safi huku maumivu yakiendelea, asiambiwe anajifanya. Utafiti mkubwa wa wanawake ulioanza Marekani mwaka 1996 umeonyesha kwamba wengi wenye maumivu kama hayo hawana mshipa mkubwa ulioziba. Shida iko katika mishipa midogo sana ambayo picha ya kawaida haiioni. Hao nao hutibiwa.

KABLA YA KUKUBALI

Ukiandikiwa kipimo cha picha, muulize daktari kwa heshima: kipimo hiki kinatafuta nini hasa? Jibu likiwa hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika? Kuna kisicho na miale kinachoweza kujibu swali hilo hilo? Daktari mzuri hatakasirika. Asipokuwa na jibu la swali la pili, kipimo hicho pengine kinaweza kusubiri.

Nawe una ya kumweleza. Mwambie ikiwa hedhi imechelewa hata kwa siku chache, maana mimba changa haionekani kwa macho. Mwambie kama una pumu, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kupunguza mwendo wa moyo huweza kuichochea. Mwambie kama figo zina matatizo, kama unameza metformini ya kisukari, au kama uliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya kudungwa dawa ya rangi. Anayenyonyesha hahitaji kuacha kwa sababu ya dawa ya rangi ya CT, ila kwa kipimo cha dawa yenye miale aulize ni saa ngapi asimkaribie mtoto.

Kuhusu malipo, bima ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Pitia dirisha la SHA hospitalini kabla ya siku ya kipimo uulize kinacholipiwa, badala ya kusubiri kuambiwa ukiwa umeshavua nguo.

Na ukishapigwa picha, dai nakala yake, picha zenyewe ndani ya CD pamoja na cheti cha maelezo, na uzihifadhi pamoja na kitambulisho chako. Wagonjwa wengi hupigwa CT Eldoret, wakafika Nairobi mikono mitupu, na wakapigwa nyingine wiki iyo hiyo.